Baba Amepigwa

Kofia yenyewe ilikuwa ya mwanamke. Tuanzie hapo. Mogire aliichomoa kwa rundo la mitumba pale soko ya Suneka, kofia ya kahawia ya ukingo mpana, na bado ilikuwa na alama pale utepe wa maua ulikuwa umeshonewa. Mama fulani huko Ulaya aliivaa akienda harusi, akachoka nayo, akatupa. Sasa iko kwa kichwa ya mwanaume mzima wa Kisii, imekunjwa pande mbili kwa mvuke wa sufuria, na mwenyewe anapita katikati ya wauza ndizi miguu imeachana kama mtu ametahiriwa juzi. Ati yeye ni Sherifu, yule askari mkubwa wa sinema za Marekani.

Kazi yake ilikuwa kuongea. Kulikuwa na Mjaluo mmoja kutoka Homa Bay, Obiero, aliyekuwa na ukumbi wa vidio nyuma ya kinyozi. Ukumbi ni kusema tu. Ni mabati, mabenchi, televisheni kubwa na spika ya kuamsha maiti. Lakini sinema za Obiero zote zilikuwa za kile Kizungu cha puani ambacho hata hedimasta hawezi kushika. Ndiyo Mogire anaketi kando ya televisheni na maiki, na stelingi, yule shujaa wa sinema, akifungua mdomo, yeye ndiye anaongea. Hajui Mzungu amesema nini. Atajulia wapi? Shule aliacha kidato cha pili. Alibeba ndizi, akaita abiria stejini, akauza laini za simu, na kila mahali alifukuzwa kwa sababu ya mdomo. Kwa Obiero ndiyo mara ya kwanza huo mdomo kulipwa.

Sinema iliyomharibu kabisa ilikuwa ya huko Marekani jangwani, mambo ya siku hizi. Si ile ya zamani ya farasi na mishale. Hawa wako na pikapu na simu, lakini bado wanavaa buti na makofia na kutema mate kila baada ya neno. Kijana ametoka jela. Anafika kwao, anapata baba yake ameuawa na matajiri wa ng'ombe, na polisi wamekula hongo wamenyamaza. Kijana hasemi kitu. Anaingia stoo, anafunua turubai, anatoa bunduki. Kutoka hapo ni kuua tu mpaka mwisho.

Sasa angalia huo upuzi. Jamaa anamaliza watu kijiji nzima na hakuna matanga hata moja! Hakuna mtu anachangisha. Hakuna maiti inaenda mochari, hakuna shangazi anajitupa chini, hakuna mtu anauliza wageni watakula nini. Hata njaa hasikii huyo. Na ako na ng'ombe boma nzima, na tangu sinema ianze hakuna mtu amezikamua. Zingekuwa za Kisii zingelia mpaka chifu akuje. Lakini vijana wa Suneka walipiga makofi na kukanyaga chini mpaka vumbi ikapanda. Na mwenye aliamini zaidi ya wote ni huyo mwenye maiki, ambaye nusu ya maneno alikuwa ametunga mwenyewe.

Kwao Mogire ni ndani ya Mosocho, mteremko wa ndizi na mahindi. Mamake anaitwa Nyamoita, babake anaitwa Onchiri. Lakini usiende Mosocho useme hivyo. Kwa boma ya Kisii baba ni mama. Ndiyo, umesoma vizuri: mama anaitwa "baba", na mzee anaitwa "tata". Mtoto akiumwa na nyuki analia "Baba! Baba!" na ni mama anakuja mbio na vitunguu. Hata Pam, bibi ya ndugu mkubwa wa Mogire, ambaye ni msichana wa ziwa na kwao baba ni mtu wa ndevu, alifundishwa kuita mama mkwe "baba". Mwanzo neno lilimkwama kwa koo kama mwiba wa samaki. Baadaye lilipita.

Huyo tata Onchiri ndiye Mogire alimdharau kuliko mtu yeyote duniani. Mzee wa kanisa, mtu wa Sabato, sauti ya chini chini, anaongea na wewe huku ameangalia viatu vyako. Jirani yao Anyona alikuwa anamla polepole. Kila msimu wa kulima, Anyona anang'oa mikonge ya mpaka na kuipanda tena hatua moja ndani ya shamba ya Onchiri. Msimu ule, hatua. Huu, hatua. Mpaka ule mti wa avokado Nyamoita alipanda akiwa bibi arusi ukajikuta kwa Anyona, na bibi ya Anyona akaanza kujaza ndoo na kupeleka soko.

Na Anyona hata si mtu wa kando. Ni ukoo mmoja, na kwa hesabu ya ukoo yeye ni kama mtoto wa Onchiri. Akikutana naye njiani anamwita "tata" na kuinama kidogo. Anakuibia shamba huku anakuinamia.

"Tata, wewe ni mwanaume aina gani?" Mogire alimwuliza siku moja, wakiwa wanakunywa chai. "Nipe ruhusa tu. Nitamkata huyo mara moja, mambo iishe."

"Ukishamkata utamzika wewe?"

"Azikwe na watu wake!"

"Watu wake ni sisi," Onchiri alisema, akapuliza chai. "Ngoja. Anyona ana hasira ya karibu. Nitamwuliza mambo ya mpaka mbele ya watu. Atanipiga."

"Na akikupiga?"

"Basi atakuwa amenipiga."

Mogire alitema mate nje ya mlango, vile amejifunza kwa televisheni, ikaangukia kifaranga. Akavaa kofia yake ya harusi akarudi Suneka, akiambia kila mtu kwamba babake ni mboga.

Ikafika Jumapili moja mchana. Ukumbi umejaa, sinema ni ile ile ya kisasi, Obiero hachoki kuiweka. Ndani kulikuwa na Bochaberi, mama anayeuza njugu mlangoni, lakini siku hiyo kulikuwa na mvua kidogo akaingia na beseni yake, akaketi nyuma. Stelingi akafika shambani, akapiga magoti kando ya kaburi. Mogire akashika maiki na sauti ya kifua:

"Wamemuua baba! Baba aliyemlea! Baba aliyemfundisha kupanda farasi!"

"Uuuwi!" Bochaberi akapiga kelele huko nyuma. "Wamemuua mamake? Mama wa watu amefanya nini?"

Ukumbi ukacheka mpaka mabati ikalia. Mogire akasimamisha sinema. Alisimamisha kabisa, ndiyo amtukane vizuri.

"Wewe mama, hii ni Kiswahili! Kiswahili! Baba ni mzee, mwenye suruali! Mtu wa kijijini ukimletea sinema ni kama kuletea kuku redio. Kama hujui lugha, toka uuze njugu yako huko nje na mvua."

"Mimi nimeskia tu baba," Bochaberi akasema.

"Skia na akili!"

Wakacheka tena. Bochaberi akaanza kukunja njugu kwa karatasi. Sinema ikaendelea. Stelingi alikuwa ameshaua wa kwanza na anatafuta wa pili wakati simu ya Mogire ilitetemeka kwa mfuko. Ni Pam. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Shem! Shem, kuja nyumbani! Baba amepigwa!"

"Nini?"

"Anyona amempiga baba kofi! Hapa kwa mpaka, mbele ya watu wa kanisa! Baba ameanguka chini, shem, kuja..."

Simu ikakatika. Pam ni mtu wa kuishiwa na kredo katikati ya jambo.

Mogire akasimama. Maiki ikaanguka, ikapiga mluzi kwa spika mpaka watu wakaziba masikio. Kwa kichwa yake hakukuwa na mzee mwenye suruali. Kulikuwa na Nyamoita kwa matope, leso imefunguka, na Anyona amesimama juu yake.

"Amempiga baba yangu," akasema. "Baba yangu!"

"Maliza yeye, Sherifu!" vijana wakaruka. "Leo ni leo! Twende!" Walisema twende. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kwa benchi, sinema ilikuwa inaelekea pahali tamu.

"Baba gani?" Bochaberi akamwuliza akimpita mlangoni. "Mogire, uliza kwanza, baba gani?"

"Toka njiani, mama!"

Nje akapokonya muuza miwa panga yake, akaruka kwa boda. Mkono mmoja umeshika kofia isipeperuke, mwingine umeshika panga, kwa hivyo hakubaki na wa kujishikilia, na kila shimo la njia ya ndani ya kuelekea Mosocho lilimrusha kama gunia. Mwenye boda alimwuliza kama ni panga ya kufyeka. Mogire hakujibu. Stelingi huwa hajibu.

Na huku nyumbani mambo yalikuwa yameisha. Hiyo ndiyo sehemu inaudhi. Yalikuwa yameisha!

Onchiri alifanya tu vile alisema. Yeye husali Jumamosi, lakini alingoja watu wa Jumapili watoke misa, na Anyona akiwa kati yao na shati yake safi, akamwita kwa mpaka. Akamwuliza kwa ile sauti ya chini: "Mtoto wangu, mikonge zangu zina miguu?" Watu wakacheka. Akamwuliza tena. Wakacheka zaidi. Mara ya tatu Anyona akamchapa kofi iliyosikika mpaka barabarani, na mzee akaenda chini.

Kicheko ikakatika. Hapo Kisii hujapiga jirani. Umepiga tata. Mtu unaita baba yako kwa hesabu ya ukoo, umemwekea mkono kwa shavu, na watu wameona. Baada ya hiyo hamuwezi kula nyumba moja, watoto wenu hawasalimiani, na mzee akifa na kofi yako kwa shavu, hata majirani hawatataka ushike udongo ya kaburi yake. Wazee wa ukoo walikuwa hapo hapo wamevaa makoti. Wakasema kile kila mtu anajua: utaleta beberu ya kuosha hiyo kofi, na kabla ya beberu utarudisha kile kitu kilileta ugomvi. Anyona aliangalia mkono yake kama si yake. Akatuma bibi yake afungue beberu, na yeye mwenyewe akaenda kuchukua jembe, leo leo, aanze kung'oa mikonge aipeleke pale ilikuwa zamani.

Onchiri alikuwa ndani ameketi kwa kiti, kitambaa baridi kwa shavu, na uso uliovimba nusu ulikuwa unacheka.

"Kofi moja, Nyamoita," alimwambia bibi yake. "Mahakama gani ingekurudishia mti yako kwa kofi moja?"

Kumbe huyo ndiye mboga.

Sasa Sherifu anafika. Anateremka kwa ndizi anaona Anyona kwa mpaka, jembe mkononi, ameinama juu ya mikonge. Beberu imefungwa kwa ule mti wa avokado. Mtu mwenye macho angejiuliza: kwa nini huyu anang'oa mikonge mchana, na kwa nini anaielekeza upande wake? Mogire hakujiuliza. Aliona tu mtu amempiga mama na bado anaongeza kuiba.

Kulikuwa na maneno amepanga kusema. Stelingi husema kitu kabla ya kuua, na Mogire alikuwa ametunga yake, ya kusema leo jua lako limezama. Akafungua mdomo, vumbi ya boda ikamkaba, akakohoa.

Anyona akageuka. "Ah, Mogire, umekuja vizuri," akasema. "Hebu shika hii upande ule, ina mizizi..."

Mogire akamkata.

Alilenga wapi hata yeye hajui. Panga ilipata mkono, chini ya kiwiko, na ilikuwa panga ya miwa, ilikuwa imenolewa. Kwa sinema mtu akikatwa anaanguka na muziki unapigwa. Anyona hakuanguka. Alilia kama mbuzi, na beberu ikalia pamoja naye, damu ikaingia kwa ile shati ya misa, na akatimua mbio. Na alikimbilia wapi? Si kwake. Alikimbia moja kwa moja kwa nyumba ya mzee yule yule alikuwa amemchapa kofi.

"Tata! Tata, mtoto wako ananiua!"

Mogire akamfuata, kofia imeanguka, panga juu. Akafika mlangoni. Onchiri alikuwa amesimama na mikono amefungua, Anyona amejificha nyuma yake kama mtoto, na kando ya meza, sufuria mkononi, mzima kabisa, bila hata tone la matope kwa leso, alikuwa Nyamoita.

"Baba?" Mogire akasema. Panga ikashuka. "Baba, uko sawa?"

"Niko sawa. Kwani nina nini?" mamake akasema. Kisha akaona panga. "Mogire, hiyo ni damu ya nani?"

Pam alikuwa amefika kwa mlango wa nyuma na ndoo ya maji. Mogire akamgeukia.

"Si uliniambia baba amepigwa?"

"Si amepigwa! Huyu hapa, si unaona shavu?"

"Huyo ni tata! Baba ni huyu!"

"Nilikuwa naongea Kiswahili, shem!" Pam akalia, ndoo ikamwagika. "Kiswahili! Baba ni mzee! Hata wewe si unaongeanga hiyo Kiswahili kwa vidio?"

Damu ya Anyona ilikuwa inadondoka kwa sakafu ya Nyamoita. Mogire alimwangalia babake, lile shavu limevimba, na kitu kibaya zaidi ya panga kikapita ndani yake. Alijua kwamba kama angeskia ni mzee amepigwa, asingetoka kwa kiti. Angemaliza sinema kwanza. Angesema: si nilisema. Na mzee pia alijua. Ilikuwa kwa macho yake.

"Nilikuwa nimemaliza," Onchiri alisema. Ni hayo tu. Akachukua kitambaa kwa shavu lake akafunga nacho mkono ya Anyona.

Wazee hawakuwa wamefika mbali. Walirudi, wakaketi, wakaangalia mkono ya Anyona, imetoka kushonwa dispensari na kuning'inizwa kwa leso. Kofi haina damu, wakasema. Hii iko na damu, sasa wa kulipa ni boma ya Onchiri. Na Anyona, huyo mjanja, ambaye saa chache nyuma alikuwa anang'oa mikonge, alishapata nguvu. Aliinama vizuri kabisa.

"Tata, mimi nakuheshimu," akasema. "Polisi siendi. Mogire ni ndugu yangu, sitaki aoze jela. Lakini mpaka ikae tu pale iko."

Onchiri aliangalia nje, kwa ule mti. Akamwangalia Nyamoita. Nyamoita akaangalia ukuta.

"Sawa," mzee akasema.

Beberu ya Anyona ikarudi kwao, na ya Onchiri ikafungwa kamba ikaifuata. Mikonge iliyokuwa imeng'olewa ilirudishwa kwa mashimo yake siku hiyo hiyo, na aliyeshika jembe ni Mogire, na Anyona amesimama hapo na leso yake anaonyesha kwa kidole. Kofia ililala kwa matope hapo kando ikakanyagwa na mbuzi zote mbili.

Kwa Obiero alirudi, ataenda wapi. Lakini siku ya kwanza tu, sinema ikafika pale kwa kaburi, stelingi akapiga magoti, na Mogire akashika maiki akasema pole pole, "Wamemuua... wamemuua mzee wake."

"Mzee gani?" Bochaberi akauliza kutoka nyuma. Hakukuwa na mvua siku hiyo, alikuwa ameingia makusudi. "Sema vizuri, Sherifu, sisi watu wa kijijini hatushiki. Baba ama tata?"

Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Mogire aliweka maiki chini, na stelingi akaua watu wake wote kwa Kizungu, bila mtu kuelewa kwa nini. Mwisho wa juma Obiero alikuwa ametafuta kijana mwingine wa kuongea.

Sasa yuko nyumbani, anachuma ndizi. Msimu wa avokado ulipofika, Nyamoita alimpa kikapu bila kumwangalia.

"Enda kwa Anyona uombe kidogo. Tatako anapenda na ugali."

Akaenda. Anyona alikuwa chini ya mti ameketi kwa kiti ya plastiki. Kovu ni refu, na vidole viwili bado havikunji.

"Mimi nisingekataza," Anyona alisema. "Lakini mkono yangu haiwezi kupanda. Panda wewe mwenyewe."

Mogire akavua viatu, akapanda mti ya mamake.

"Sio hiyo, hiyo ni changa," Anyona akasema kutoka chini. "Ile ingine. Hapana, juu. Juu zaidi, Sherifu. Na uangalie usinivunjie matawi."